SHAMBA NA SOKO: Chikori, Mboga Inayokuzwa Gizani

Mwezi wa Januari, wakati theluji imelala mashambani na miti imebaki matawi matupu, katika masoko ya Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, huonekana masanduku madogo yaliyofunikwa kwa karatasi ya rangi ya buluu iliyokolea. Mnunuzi aijuaye kazi yake hatazami sanduku. Huinua ukingo wa ile karatasi akachungulia ndani. Akiona vichwa vyeupe vilivyofumba, vigumu, vyenye urefu wa kiganja na ncha za manjano, huuliza bei. Akiona ncha zimeanza kugeuka kijani, huirudisha karatasi mahali pake akaenda kwa muuzaji wa pili, wala haelezi sababu. Muuzaji mwenyewe aijua. Mboga ile imeona mwanga.

Mboga yenyewe ni chikori. Wabelgiji wasemao Kiholanzi huiita witloof, maana yake jani jeupe. Wasemao Kifaransa huiita chicon. Na ukivuka mpaka kuingia Ufaransa utasikia ikiitwa endive. Kazi yote ya kuikuza katika majira ya baridi yaelekea jambo moja, nalo ni kuufanya mmea uchipuke pasipo kuona jua. Kwa mkulima wa kawaida hii ni kazi ya kinyume, maana wakulima wa nchi zote huomba jua liwake. Lakini adhaniye kwamba siri ya chikori iko katika giza peke yake amekosea. Giza halinunuliwi. Faida ya chikori, na hasara yake vilevile, imo katika mzizi, na mzizi hukuzwa juani miezi mitano kabla ya mtu yeyote kuonja jani moja.

Chikori ya porini huota kando ya njia katika nchi nyingi za Ulaya. Ua lake ni la buluu, hufunguka asubuhi na aghalabu hufumba kabla ya jioni. Jani lake ni chungu. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliozoea kula mchunga hawatashangazwa na uchungu huo, kwa kuwa mchunga na chikori ni mimea ya jamaa moja, na saladi ni ndugu yao wa tatu. Yote mitatu ikikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mzizi wa chikori ni mmoja, mnene, umekwenda chini kama karoti, na nao ni mchungu kuliko jani.

Mzizi huo ulianza kupendwa kwa sababu isiyohusu mboga hata kidogo. Mwaka 1806 Napoleon alipopiga marufuku biashara baina ya Uingereza na bara zima la Ulaya, kahawa iliadimika na bei yake ikapanda kupita uwezo wa watu. Wenyeji wakauchukua mzizi wa chikori, wakaukatakata, wakaukausha, wakaukaanga na kuusaga, wakapata unga wa rangi nyeusi ambao ukitiwa maji ya moto hufanana na kahawa kwa rangi na kidogo kwa ladha, ijapokuwa hauna ile nguvu ya kahawa iondoayo usingizi. Vita vilikwisha mwaka 1815 na kahawa ikarudi sokoni, walakini desturi ya kuchanganya chikori haikuondoka. Wengine waliendelea nayo kwa kuwa ni rahisi, wengine kwa kuwa ulimi ulikwisha kuzoea. Mkulima wa kahawa wa Meru au wa Kisii hatapendezwa na habari hii; hata hivyo ndivyo ilivyokuwa. Basi wakulima wa kandokando ya Brussels walikuwa na mizizi ya chikori ghalani mwao kabla hawajajua kwamba yaweza kuuzwa kwa njia nyingine.

Jinsi walivyojua husimuliwa namna mbili. Hadithi ya kwanza yasema kwamba katika machafuko ya mwaka 1830, Wabelgiji walipojitenga na Uholanzi, mkulima mmoja wa Schaerbeek aliifukia mizizi yake katika chumba cha chini ya nyumba, akaondoka. Aliporudi alikuta mizizi imetoa majani meupe. Akayaonja, akayaona matamu kuliko alivyotazamia. Schaerbeek siku zile kilikuwa kijiji, na leo ni sehemu ya mji. Ni hadithi nzuri, na labda ni nzuri kupita kiasi. Hadithi ya pili yamtaja Bresiers, mkuu wa watunza bustani katika Bustani ya Mimea ya Brussels katikati ya karne ya 19, na hiyo ndiyo inayoeleza kazi yenyewe. Kuotesha majani ya chikori gizani halikuwa jambo geni. Watu wa Paris walifanya hivyo zamani, wakapata majani membamba, marefu, yaliyotawanyika, wakayaita ndevu za mtawa. Alilofanya Bresiers ni kuifunika mizizi kwa udongo mwingi. Jani lilipotaka kutawanyika lilikuta uzito wa udongo kila upande, likajikunja juu ya mwenzake, hata kukafanyika kichwa kilichofumba. Husemwa kwamba aliificha elimu hiyo, na kwamba wengine waliipata baada ya kufa kwake. Kweli au si kweli, kabla ya karne ile kwisha wakulima wa vijiji vilivyo kati ya Brussels, Mechelen na Leuven walikuwa wakipeleka vichwa vyeupe hadi Paris.

Yafaa kueleza kwa nini mzizi uliokatwa majani na kung'olewa shambani waweza kuchipuka bila jua. Chikori ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutoa majani na kuweka akiba mzizini. Mwaka wa pili huitumia akiba hiyo kutoa shina refu, maua na mbegu, kisha hufa. Akiba yenyewe si wanga kama ya viazi, bali ni kitu kiitwacho inulini, ambacho wakati wa baridi hugeuka kidogo kidogo kuwa sukari. Mkulima huingia kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Huung'oa mzizi, huuweka katika baridi ili mmea ufanye kama majira ya theluji yamepita, kisha huutia katika joto. Mmea huanza kuchipuka ukitumia akiba yake, na kwa kuwa uko gizani hauwezi kufanya rangi ya kijani, na uchungu wake hupungua. Jani halipati chakula kutoka juani hata chembe. Kila kilichomo katika kichwa kile kimetoka katika mzizi. Ndiyo maana mzizi mbaya hauponywi na ufundi wowote wa baadaye.

Mbegu ni ndogo sana, nayo hupandwa juujuu, si zaidi ya nusu inchi. Wakati wa kupanda ni kati ya nusu ya Mei na nusu ya Juni. Mtu akiharakisha, akapanda wakati usiku ungali na baridi kali, miche huonja baridi na kudhani imekwisha pita mwaka. Katikati ya kiangazi shamba huinua mashina na maua ya buluu, likapendeza macho ya wapita njia, na mzizi ukawa mgumu kama mti, haufai kitu. Akichelewa, mizizi huwa myembamba. Udongo wataka kuwa tifutifu na kwenda chini sana, usiwe na mawe, kwa sababu mzizi ukigonga jiwe hugawanyika kama vidole, na mzizi wa vidole hausimami vizuri handakini. Samadi mbichi nayo huleta ugonjwa huo huo. Udongo wa Brabant ni laini, hauna mawe, na maji hupita ndani yake bila kutuama. Bila hayo Bresiers angalibaki na mafanikio ya bustanini tu.

Miche ikisha kuota hupunguzwa, ikaachwa kwa nafasi ya inchi nne au tano kila mmoja, mistari ikiwa umbali wa futi moja. Hapo ndipo lilipo kosa lililo ghali kuliko yote. Mkulima aliyetia mbolea nyingi yenye naitrojeni huona shamba lake limesimama kijani hadi magotini, na majirani humsifu. Mzizi wake ni mnene kama mkono wa mtoto. Lakini ikifika Januari mizizi ile hutoa vichwa vilivyolegea, vilivyofunguka, au vichwa vitatu vidogo mahali pa kimoja, na hakuna sanduku litakalovipokea. Kosa limefanywa mwezi wa Juni na hukumu imetolewa miezi saba baadaye, wakati ambapo hakuna la kurekebisha. Kwa hiyo wakulima wazoefu wa Brabant walipendelea kulitia shamba lao chikori baada ya ngano, ngano ikiwa imekwisha kula sehemu kubwa ya mbolea, wala hawakuona haya shamba likiwa na rangi hafifu. Wala hawakurudisha chikori mahali pale pale mwaka uliofuata, kwa kuwa magonjwa hubaki udongoni.

Mizizi hung'olewa tangu mwisho wa Septemba hadi Novemba. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa uma wa kulimia, mzizi baada ya mzizi, katika ukungu na matope. Siku hizi hufanywa kwa mashine. Kisha hukatwa majani. Kisu hupita inchi moja juu ya shingo ya mzizi, wala si chini ya hapo. Moyo wa mmea umekaa pale katikati, na kisu kikiugusa, chipukizi kubwa limekufa, na badala yake pembeni hutoka vichipukizi visivyo na thamani. Kisu kikienda juu mno, vikonyo vya majani vilivyobaki huoza handakini na kuambukiza kichwa kipya. Katika mazao machache sana unene wa kidole huamua mapato kama hapa.

Ndipo hufuata kuchagua. Mzizi unaofaa una unene wa inchi moja na nusu hadi mbili hapo shingoni. Ulio mwembamba zaidi hutoa kichwa kidogo. Ulio mnene mno hutoa vichwa vingi vilivyogawanyika. Chini hukatwa ili mizizi yote iwe na urefu mmoja, yapata inchi nane, shingo zikae sawasawa. Mchaguzi huutazama pia mzizi kama una mashimo ya funza wa nzi, au kama umeshambuliwa na chawa wale weupe wanaokaa mizizini, au kama una alama laini ya kuoza. Mzizi mmoja wenye kuvu nyeupe, ukipangwa kati ya wenzake katika joto na unyevu, huoza nao wote walio karibu. Familia nyingi zilimwachia kazi ya kuchagua mtu mmoja tu, mara nyingi mwanamke wa nyumba au mzee, na mtu huyo hakubishwa.

Handaki la kienyeji lilikuwa na upana wa hatua moja na nusu hivi na kina kisichofika magotini. Mizizi ilisimamishwa wima, bega kwa bega, udongo ukatiwa katikati, ikanyweshwa maji mara moja kwa wingi. Kisha ikafunikwa kwa udongo laini uliochekechwa, unene wake inchi sita hadi nane. Juu ya udongo yakawekwa mabua ya ngano, na juu ya mabua yakawekwa mabati yaliyopindwa ili mvua na theluji visiingie. Joto lilitoka kwanza katika samadi inayochemka. Baadaye katika mabomba ya maji ya moto yaliyopita chini ya handaki kutoka kwa jiko la makaa ya mawe. Na baadaye tena katika nyaya za umeme. Ilitakiwa mizizi ikae katika joto la digrii 15 hadi 20 za sentigredi. Likizidi, vichwa huharakisha, vikawa virefu na vilivyolegea. Likipungua, huchelewa, na soko halingojei. Mwenye handaki aliamka usiku kulitazama jiko, kwa kuwa usiku mmoja wa moto mkali uliweza kuharibu kazi iliyoanza Mei.

Baada ya majuma matatu au manne, au zaidi pale pasipotiwa joto la kutosha, mabati yaliondolewa. Mvunaji alipiga magoti pembeni mwa handaki, akausogeza udongo kwa mikono, akautoa mzizi pamoja na kichwa chake, na kwa kukizungusha kidogo kiganjani akakivunja. Sauti yake ni kama ya kuvunja muwa mchanga. Vichwa vilipelekwa kibandani, ambamo watu wa nyumbani walikaa wakitoa majani ya nje yenye udongo, kukata kitako, kupanga sandukuni na kufunika kwa ile karatasi ya buluu. Maji hayakutumiwa, kwa kuwa kichwa kilichooshwa huanza kuoza njiani. Kazi yote ilifanywa katika miezi ya baridi kali, mtu akiwa amepiga magoti katika matope. Kwa upande mwingine ilikuwa ni miezi ambayo mashamba mengine hayatoi kitu, na ng'ombe wako zizini. Chikori ilimpa mkulima mdogo fedha wakati jirani yake mwenye ngano alikuwa akihesabu siku. Kwa jamaa nyingi za Brabant eka chache za mizizi na mahandaki ya nyuma ya nyumba yalitosha kuwaweka watoto shuleni.

Hali hiyo ilibadilika katika miaka ya 1970. Wataalamu wa taasisi ya serikali ya Ufaransa ya utafiti wa kilimo, INRA, walizalisha mbegu chotara ya chikori ambayo kichwa chake hufumba chenyewe bila kulemewa na udongo. Ya kwanza, iliyopewa jina la Zoom, ilitoka katikati ya miaka hiyo. Msomaji akumbuke mbegu chotara za mahindi zilizotolewa Kitale mwaka 1964, ambazo zilimwongezea mkulima magunia lakini zikamlazimu kununua mbegu mpya kila mwaka. Mbegu chotara za chikori zilileta faida na sharti hilo hilo, na zaidi ya hapo zikabadili mahali pa kufanyia kazi. Udongo wa juu ukiwa hauhitajiwi tena, handaki nalo halihitajiwi. Mizizi ikapangwa katika trei, trei zikapandishwa moja juu ya nyingine ndani ya chumba chenye giza kabisa, na maji yaliyotiwa chumvi za mbolea yakapitishwa chini ya mizizi, yakitoka juu na kushuka hadi chini, kisha yakarudishwa tena. Baada ya siku 21 hivi trei hutolewa, na mfanyakazi huvuna akiwa amesimama wima. Hakuna udongo wa kusafisha. Na kwa kuwa mizizi yaweza kuhifadhiwa miezi mingi katika ghala lenye baridi ya kukaribia kugandisha maji, chumba hicho hutoa chikori Julai kama kitoavyo Januari.

Si haki kuisema vibaya njia hiyo. Imewaondoa watu matopeni, na imeishusha bei hata mboga iliyokuwa ya meza za wenye nafasi ikafika kwa kila mtu. Ufaransa, hasa mikoa yake ya kaskazini, ikawa ya kwanza kwa wingi wa zao hili, ikaipita Ubelgiji lilikoanzia. Lakini chumba cha namna hiyo chataka mtaji mkubwa: majokofu, pampu, trei, umeme usiokatika. Aliyeweza kukopa alijenga. Asiyeweza aliona bei ya Januari, ambayo ndiyo iliyokuwa riziki yake, ikishuka mwaka hata mwaka, kwa kuwa Januari haikuwa tena mwezi wa pekee. Wengine wakageuka kuwa wakulima wa mizizi tu, wakiiuzia vyumba vya wenzao. Yaani wakabaki na hatari ya shamba, na faida ya sokoni ikaenda kwa mwingine. Njia ya maji nayo ina adui wake. Katika handaki mzizi mbovu huwaharibu majirani zake. Katika chumba maji yale yale hupita kwa wote, na ugonjwa wa kuoza mizizi uitwao Phytophthora ukiingia humo huweza kuenea katika trei zote kabla mwenye mali hajanusa kitu.

Waliobaki na udongo ni wachache, nao hawakubaki kwa sababu ya ukaidi peke yake. Kichwa kilichosukumana na udongo huwa kigumu zaidi, majani yake yamebanana, na hukaa siku nyingi bila kunyauka. Uchungu wake ni dhahiri zaidi. Jambo hili la uchungu lina ajabu yake: wazalishaji wa mbegu walijitahidi miaka mingi kuupunguza ili watoto na wageni waipende mboga, na walipofaulu, wazee wa Brussels wakalalamika kwamba wanauziwa maji meupe. Kwa malalamiko hayo wapo walio tayari kulipa zaidi. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliandikisha jina la chikori ya udongoni ya Brussels katika orodha ya majina yanayolindwa, hata mtu asiweze kulitumia jina hilo kwa vichwa vilivyooteshwa majini, au nje ya eneo lililowekewa mipaka. Huko Kampenhout, katikati ya vijiji vya chikori, pana makumbusho ya zao hili, yenye zana za kazi ile ya magotini. Vijana huja kuzitazama. Kuwapata wa kuzishika ni shida zaidi, na hilo ndilo linalowasumbua wakulima wa udongoni kuliko bei, kwa kuwa jina lililolindwa halimchagui mtu mizizi mwezi wa Oktoba.

Jikoni kichwa hukatwa pande mbili na kitako chake kikatolewa kwa ncha ya kisu, maana uchungu mwingi hukaa hapo. Huliwa kibichi kama saladi, au hupikwa polepole kwa siagi. Wabelgiji hupenda kukizungushia kipande cha nyama ya nguruwe, kukimwagia mchuzi mzito wa maziwa na jibini, na kukitia katika joko hadi kiwe na rangi ya dhahabu. Mizizi iliyokwisha kutoa vichwa haitupwi; hupelekwa zizini, na ng'ombe huila bila kujali uchungu.

Watu wa Ulaya wasio na shamba wala chumba cha trei nao hujaribu kazi hii nyumbani. Huipanga mizizi mitano au sita ndani ya ndoo, hutia udongo wenye unyevu hadi shingoni, hufunika kwa ndoo ya pili iliyopinduliwa, huziba matundu yote, na kuiweka ndoo mahali penye joto la kiasi. Mbegu za kisasa hazihitaji udongo juu. Baada ya majuma matatu au manne vichwa huwa tayari. Wengi wanaoshindwa hawashindwi na mizizi. Hushindwa na hamu ya kufunua kila siku kutazama kama vimeota, na kila wanapofunua mwanga huingia, hata siku ya kuvuna wakakuta majani ya kijani, yaliyotawanyika, machungu kama yale ya kando ya njia.